Roketi Iliyotua Kwenye Mahindi ya Watu

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Juma, mbona sauti imekukauka?

JUMA: Jana nimeshinda juani, dada yangu, natafuta roketi yangu ya mfano, ile ya mchezo wa kurusha kwa kujifurahisha, shambani kwa mtu. Mahindi ya huku Kansas yananizidi kimo!

SALMA: Ndiyo ile uliyokuwa ukiibandika miezi yote hii?

JUMA: Hiyohiyo. Nilizoea zile ndogo za mota A mpaka C, za baruti nyeusi, unaziunda jioni moja. Hii ina mapezi ya plaiwudi na inabeba mota ya F. Herufi ni daraja la msukumo wote ambao mota inautoa mpaka fueli iishe, unaopimwa kwa nyutoni-sekunde, na kila herufi kikomo chake ni maradufu ya iliyotangulia. C inaishia nyutoni-sekunde 10, F inafika 80.

SALMA: Mara nane! Mchezo wenyewe kaanzisha nani?

JUMA: Orville Carlisle, muuza viatu wa jirani hapa Nebraska, mwaka 1954.

SALMA: Muuza viatu! Haya, kwenye mota yako imeandikwa nini?

JUMA: F67-6. Hiyo 67 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, kipimo cha nguvu. Roketi yangu na mota yake ni gramu 800, yaani uzito wa nyutoni 8 hivi. Wazoefu wanataka msukumo uwe angalau mara tano ya uzito, kwa hiyo hapo nilikuwa salama. Ile 6 ndiyo ilininyima usingizi. Fueli ikiisha, roketi inaendelea kupanda kwa kasi iliyobaki. Sekunde sita baadaye baruti kidogo inalipuka ndani, inasukuma pua na parachuti nje. Ikiwahi, parachuti inafunguka roketi bado iko mbio, kamba inachana bomba. Ikichelewa, inakuja pua chini kama mkuki.

SALMA: Na wewe ukakosea hapo.

JUMA: Aa, hapo nilipatia. Nilikosea gundi.

SALMA: Gundi tu?

JUMA: Pezi la aina hii halibandikwi juujuu. Linapita kwenye mpasuo wa bomba la nje mpaka liguse bomba la ndani linaloshika mota. Unapaka epoksi ndani, halafu nje. Pezi la tatu nikalipaka nje tu.

SALMA: Uvivu huo.

JUMA: Ilikuwa saa saba usiku, na epoksi ya dakika tano imeshaanza kuganda kikombeni! Lakini kupima uwiano sikuruka. Unaweka mota, unafunga kamba pale roketi inapokaa sawa kama mizani, unaizungusha juu ya kichwa. Pua ikitangulia, umefaulu. Ikiyumba, ongeza uzito puani. Majirani walinichungulia dirishani, nikajifanya siwaoni.

SALMA: Ningekuwa mimi ningeita polisi. Siku yenyewe je?

JUMA: Tulisimama mita 9 nyuma, tukahesabu kurudi nyuma, nikabonyeza. Kimya.

SALMA: Yesu wangu.

JUMA: Waya wa kiwashio ulichomoka. Kanuni inasema usisogee mpaka sekunde 60 zipite. Dakika ndefu hiyo, Salma! Nikaurudisha, nikabonyeza tena. Haikufanya “fyuu” kama zile ndogo, ilinguruma. Nilipoinua shingo ilikuwa imeshakuwa nukta.

SALMA: Parachuti?

JUMA: Ilifunguka vizuri mno. Nilikuwa nimeweka kubwa, nikiogopa isitue kwa kishindo. Upepo ukaichukua taratibu, kama harusi inavyosindikizwa, hadi mahindini. Nimeipata baada ya saa mbili, pezi la tatu linaning'inia.

SALMA: Gundi ya saa saba!

JUMA: Ndiyo hiyo. Safari ijayo kamba za parachuti nitazifunga katikati kwa utepe, isifunguke yote, ishuke upesi zaidi.

SALMA: Na mwenye shamba?

JUMA: Alinikuta humo akaniuliza kama natafuta mbwa. Nikamwambia roketi. Akasema, “Nyekundu au ya bluu? Ya bluu ninayo ghalani tangu mwaka jana.”