Simu Mkononi, Mtu Chini

Ndugu wasikilizaji, tuanze na mkono wenyewe. Mtu anapigwa mbele yako. Unatoa simu mfukoni, unaifungua, unatafuta kamera, unasogea upate kuona vizuri. Katika sekunde hizo umeshaamua kuwa mtazamaji, na huenda hukujua kwamba unaamua. Aliye nyuma yako naye anaona simu imeinuliwa juu, anadhani jambo limeshapata mwenyewe.

Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané waliwasikilizisha wanafunzi, kila mmoja chumbani peke yake, sauti ya mtu aliyeonekana kushikwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Na wale waliobaki vitini hawakuwa na roho ngumu: wengi mikono ilikuwa ikiwatetemeka. Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Lakini msiniambie kwamba watu wa siku hizi hawana utu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichambua picha za kamera za ulinzi za ugomvi 219 wa hadharani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika takriban tisa kati ya kila kumi, walau mtu mmoja aliingilia kati. Watu husaidia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuanza.

Kwa hiyo anza. Usipige kelele ya jumla, “Jamani, saidieni!” Mwonyeshe mtu mmoja kidole: “Wewe mwenye shati jekundu, piga simu polisi sasa hivi.” Mwite anayepigwa kana kwamba mnafahamiana. Ita watu watatu au wanne mkaribie pamoja. Kumvaa mwenye kisu peke yako kunaongeza majeruhi tu. Kurekodi kuna nafasi yake pale ambapo mwingine tayari anasaidia, au pale usipoweza kusogea.

Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, ilikuwa hali hiyo ya pili. Polisi alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa. Watu walimsihi amwachie, na mzimamoto aliyekuwa mapumzikoni aliomba kumpima mapigo ya moyo, akazuiwa. Msichana wa miaka 17 akarekodi. Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu kifo cha Floyd ilizungumzia tatizo la kiafya. Video ya msichana huyo ndiyo iliyoonyesha lile goti. Pale, kurekodi kulikuwa ndiko kuingilia kati.

Ukirekodi, basi rekodi ya kufaa. Ishike simu kwa upana. Anza na picha pana, itulize walau sekunde kumi, ndipo usogeze karibu. Taja tarehe, saa na mahali, kisha nyamaza, maana matusi yako yatafunika maneno ya mshambuliaji. Usikate na kuanza upya: pengo la sekunde tano humpa wakili wa upande wa pili swali zuri sana. Fuata mikono, namba za magari, namba za beji. Uso wa aliyeumia hauhitaji kuvutwa karibu.

Baada ya hapo usihariri chochote. Programu za ujumbe huibana video na mara nyingi hufuta taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake, kwa hiyo itume kama faili na utunze ile ya asili. Na video ya ushahidi si ya kusambazwa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2007 imeliona hili vizuri: kurekodi kwa makusudi mtu akishambuliwa huhesabiwa kuwa ushiriki katika kosa, isipokuwa kwa mwandishi wa habari aliye kazini au anayerekodi ili iwe ushahidi mahakamani. Kuisambaza ni kosa jingine, na kifungo chake hufika miaka mitano.

Kisha chuchumaa kando ya aliyeumizwa, umuulize taratibu: “Ninayo video. Nikupe wewe, nimpe mpelelezi, au niifute?” Akiwa hawezi kujibu, itunze, wala usiiweke mtandaoni. Akisema ifutwe, mweleze kwanza kwamba huenda ndiyo ushahidi pekee alio nao. Akishikilia neno lake, ifute mbele ya macho yake, kisha fungua na folda ya vilivyofutwa, maana simu nyingi huhifadhi humo kwa siku kama 30.