Kufunga jiwe la grenda: mafunzo ya vijana wapya wa karakana

Habari zenu mafundi, karibuni tena. Leo tuko Gerezani, Dar es Salaam, kwenye karakana ya rafiki yangu anayetengeneza mageti na grili za madirisha. Kelele mtazisikia, mnivumilie, jirani anagonga bati na hana mpango wa kuacha. Rafiki yangu ameajiri vijana wapya, kaniomba niwape mafunzo ya usalama kabla hawajakabidhiwa kazi. Nikamwambia sawa, ila sitaki mafunzo ya kusaini karatasi, kunywa soda na kutawanyika. Tunashika grenda, mashine ya mkononi ya kukata na kusaga chuma, tunafunga jiwe lake, ile sahani inayozunguka, tunakata chuma. Basi.

Grenda yetu ni hii ndogo, ya inchi nne na nusu. Ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu ni nyepesi na watu wanaidharau. Ile kubwa ya inchi tisa hata ukiiona tu unasogea pembeni.

Vifaa kinga napita haraka. Mabuti magumu. Plagi za masikio, maana grenda inapita kwa mbali desibeli 85, kelele inayoanza kuumiza masikio. Barakoa, hasa ukisaga chuma chenye rangi ya zamani. Nguo ya kubana, hakuna kamba za kofia ya sweta zinazoning'inia, dada zangu mtandio ufungwe kwa nyuma uingie ndani ya ovaroli. Glovu ziwe za ngozi na zikukae vizuri. Zile za nyuzi nyeupe za kubebea matofali sizitaki hapa. Uzi mmoja ukinaswa na jiwe, mkono wote unafuata.

Miwani sipiti haraka. Miwani ya jua siyo miwani ya kazi, kijana, hata kama umependeza. Chukua iliyofunika pembeni, na ukisaga vaa na ngao ya uso juu yake. Mimi nauza hivi vitu, mnajua, kwa hiyo mtasema huyu anatafuta wateja. Ni kweli natafuta wateja. Lakini chembe ya chuma ikiingia kwenye jicho inaanza kushika kutu humo humo, na daktari atalazimika kukwangua mpaka ile kutu. Ikikuingia usifikiche. Na usimpe mwenzako akutoe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nimeona watu wakifanya hivyo mchana kweupe! Funika jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mwenye karakana unayejificha nyuma ya kamera: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe uwape vijana vifaa kinga. Usije ukamkata dogo mshahara kwa ajili ya miwani. Anacheka, mnamsikia?

Haya, grenda. Kitu cha kwanza: chomoa plagi kwenye soketi. Sijasema zima swichi. Chomoa, halafu plagi uiweke mahali unapoiona, pale mezani mbele yako. Mtu asije akapita akasema "nani kachomoa hii?" akakuchomekea.

Sasa chukua jiwe. Kuna la kukatia, hili jembamba, milimita moja. Na kuna la kusagia, nene, milimita sita. La kukatia ni la kukatia. Usililaze ubavu ukasawazishie weldingi, litapasuka. Najua mnaona mafundi wakubwa wakifanya. Waacheni.

Soma maandishi juu ya jiwe. Sogeza kamera… zaidi… mwanga unapiga, geuza kidogo. Hapo. Mnaona 13300 RPM? Hiyo ni mizunguko kwa dakika ambayo jiwe linaweza kuvumilia. Sasa tazama kwenye kibati cha grenda: 11000. Jiwe linavumilia zaidi ya mwendo wa mashine, tuko salama. Sasa kuna ule ujanja wa mtaani, fundi anatoa kava, ile kinga inayofunika jiwe, ili aweke jiwe la inchi saba kwenye grenda ndogo, eti likate ndani zaidi. Jiwe la inchi saba mwisho wake ni mizunguko kama 8500. Umelipeleka 11000. Hilo litakurudia vipande vipande, na kava umeitoa mwenyewe. Hata hili dogo likiwa kwenye mzunguko wake wa kawaida, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Treni yetu ya SGR ikienda Dodoma na haraka yake yote ni 160.

Misumeno ya mbao kwenye grenda sitaki hata kuijadili. Tupa.

Halafu tazama hii pete ya chuma katikati. Imeandikwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndiyo, jiwe linaisha muda kama maziwa. Gundi inayoshika zile punje zinazokata chuma inachoka, kwa kawaida kiwandani wanalipangia miaka mitatu. Na likinyonya unyevu linachoka mapema zaidi, kwa hiyo lile lililolala sakafuni msimu wote wa masika usiliokote. Ukinunua jiwe ambalo pete haina tarehe kabisa, mimi silinunui, wewe amua. Angalia pia nyufa na pembe zilizomeguka. Lililoanguka chini, tupa. Bei ya jiwe ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili na kurudi.

Kava iko wapi? Hii hapa. Ikae kati yako na jiwe, cheche zitoke kwenda mbele, zisije kifuani. Kaza. Mpini wa pembeni, kaza. Tuendelee.

Sasa hapa ndipo nataka wote msogee. We wa shati jekundu, weka simu. Hii nati. Nati ya grenda ina sura mbili, na karibu kila fundi mpya anaikosea, na wazee wengine mpaka leo wanaikosea. Upande mmoja una kishingo kilichoinuka, kama kola. Upande wa pili ni bapa. Kwa jiwe nene la kusagia, kishingo kinaangalia ndani, kinaingia kwenye tundu la jiwe. Kwa jiwe jembamba la kukatia, kishingo kinaangalia nje, upande wako, na ubapa ndio unaogusa jiwe. Narudia. Jiwe nene, kishingo ndani. Jiwe jembamba, kishingo nje.

Kwa nini? Ukiweka kishingo ndani kwenye jiwe la milimita moja, kile kishingo kinakwenda kugota kwenye washa ya ndani, ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya jiwe, kabla nati haijalifikia jiwe. Wewe unakaza na spana, mkono unakwambia imekaza. Kumbe spana imekaza chuma kwa chuma, jiwe limebaki linacheza. Ukiwasha linayumba, linakula pembeni, linapasuka. Hilo ndilo tatizo la nati hii: haikupi dalili mkononi. Ngoja niwaonyeshe kwa makusudi. Naiweka vibaya… nakaza… kweli kweli nakaza… mnaona mishipa? Sasa shika jiwe kwa vidole viwili. Linazunguka! Nati imekaza na jiwe linazunguka. Mpiga picha umelipata hilo? Hujalipata. Narudia tena, sogea. Nakaza. Vidole viwili. Linateleza. Umelipata sasa? Safi.

Geuza nati. Kishingo nje. Bonyeza hiki kitufe kinachozuia shafti, kaza kwa spana yake, siyo kwa nyundo na patasi. Sasa shika tena kwa vidole huku umebonyeza kitufe: halisogei. Hivyo ndivyo kila mara, kila ukibadilisha, hata kama umebadilisha wewe mwenyewe dakika kumi zilizopita. Na kile kitufe usikiguse jiwe likiwa linazunguka bado. Watu wanakitumia kama breki kwa sababu wana haraka, kinavunjika meno ndani.

Sasa rudisha plagi, lakini kabla hujarudisha, gusa swichi uhakikishe… ah. Umeme umekatika. Bora umekatika sasa. Kamera ina chaji? Endelea kurekodi, hili ni somo lenyewe.

Angalieni grenda ya yule kijana kule aliyekuwa anasaga. Umeme umekatika, jiwe limesimama, yeye ameiweka chini na anaperuzi simu. Nenda uangalie swichi yake. Imewashwa! Swichi za kusukuma kama hii zinabaki palepale zilipo. Umeme ukirudi, hiyo grenda itaamka peke yake sakafuni na kukimbia kama kuku aliyechinjwa. Zipo grenda za bei ya juu ambazo haziwaki zenyewe umeme ukirudi. Hizi zetu nyingi zinawaka. Kwa hiyo umeme ukikatika, kabla ya kulalamika, kabla ya kuuliza kama mtaa wa pili wana umeme, rudisha swichi nyuma na chomoa. Kijana, hujakosea peke yako, karakana nzima imeacha swichi zimewashwa. Haya, wote zimeni. Nawasubiri.

Tukiwa tunasubiri umeme nizungumzie cheche. Cheche za grenda zinaruka mbali kuliko mnavyodhani, ondoa vinavyowaka ndani ya mita kumi: thina, matambara yenye mafuta, maboksi, godoro la mlinzi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na uwe na presha, mshale kwenye kijani. Ule wa mlangoni pale mshale uko wapi, bosi? Tutaongea baadaye.

Na mapipa. Mteja anakuja na pipa la petroli, anataka likatwe atengeneze jiko. Anakwambia "ni tupu hilo, fundi". Tupu ndiyo kesi mbaya. Mafuta yameisha, mvuke umebaki umejaa mle ndani umechanganyika na hewa, unangoja cheche moja. Usilikate. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Mwambie akatafute pipa ambalo halijawahi kubeba mafuta, akinuna anune.

Umerudi! Asante. Sikieni, hakuna grenda iliyojiwasha. Safi sana vijana.

Chomeka plagi. Kabla ya kukata, washa grenda ukiwa umeielekeza chini ya meza, hakuna mtu amesimama kwenye mstari wa jiwe, acha izunguke nusu dakika. Sikiliza. Ikitetemeka au ikilia vibaya, zima. Jiwe lenye kasoro mara nyingi linapasuka hapa hapa mwanzoni, heri lipasuke likiangalia meza.

Kukata sasa. Skwea paipu, hili bomba la pembe nne, nimeibana kwenye jiliwa. Usishikilie kwa mguu, naona pale nje kuna mtu anashikilia kwa mguu na kandambili, tumwonee huruma. Sehemu unayoikata iwe ile inayoning'inia nje ya jiliwa, ili ikikatika idondoke na mkato ufunguke. Ukiegemeza paipu juu ya stuli mbili ukakata katikati, paipu inajikunja, mkato unafunga, jiwe linabanwa, na grenda inaruka kurudi kwako. Ndiyo maana mikono miwili, na mwili wako usikae nyuma ya mstari wa jiwe. Simama kando kidogo. Hivi.

Nakata. Sisukumi, naiacha mashine ifanye kazi… mnaona cheche zinakwenda ukutani, siyo kwa mpiga picha. Mpiga picha kwa nini umehama? Rudi, ni salama. Haya. Imekatika, imedondoka.

Nazima. Siiweki chini. Nasubiri. Bado linazunguka. Bado… sasa limesimama, naiweka. Hizo sekunde chache za kusubiri vijana huwa hawana.

Jaribu wewe wa shati jekundu. Miwani kwanza. Plagi umechomoa? Funga jiwe la kusagia tuone. Nati… kishingo… hapana. Jiwe hili ni nene, kishingo kinaenda wapi? Ndani. Ndiyo. Vidole viwili. Vizuri. Kila mmoja atafunga na kufungua mbele yangu mpaka nione hafikirii tena, na hiyo sitawarekodia, itachukua muda.

Ukimaliza siku, toa jiwe, lilaze bapa kwenye shelfu pakavu, usilitundike msumarini. Chembe za chuma fagia kwa brashi. Usipulize kwa kompresa, zitaingia machoni mwa mwenzako ambaye ameshavua miwani akajua kazi imeisha. Na mtu akiumia, hata kidogo, bosi aandike na atoe taarifa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili hiyo, lakini ajali isiyoripotiwa inabaki kuwa shida ya aliyeumia peke yake.

Miwani, ngao za uso, glovu za ngozi na mawe yenye tarehe ninayo dukani. Nati za grenda pia ninazo, maana najua mmezipoteza. Tunafunga saa kumi na mbili jioni, Jumapili hatufungui. Mkija, leteni grenda zenu na kava zake. Aliyeitoa akaitupa, kava ninazo pia, na hizo sipunguzi bei.