Ganzi ya Mguu: Mgongoni, Kinenani au Nyuma ya Goti?

SALUM: Karibuni tena. Mimi ni Salum, na kama kawaida nipo na Daktari Rehema, ambaye kazi yake ni kutia watu ganzi na usingizi. Wiki hii maswali mengi yametoka kwa madereva wa bodaboda. Mguu umevunjika, mpasuaji ameshasema vyuma vinaingia, halafu anakuja mtu mwingine kuuliza: tukuchome wapi?

REHEMA: Huyo mtu mwingine ndiye mimi. Na jibu ninalopewa sana ni, "Daktari, mgongo hapana, nitapooza."

SALUM: Unawajibuje?

REHEMA: Nampapasa mgongo ili ajue ninapopalenga. Kwa mtu mzima, ule ugwe wa fahamu unaotoka kwenye ubongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Pale kuna maji, na nyuzi za fahamu zinaelea humo. Madhara makubwa yapo, sikatai, ila ni nadra sana.

SALUM: Na dawa yenyewe nyingi?

REHEMA: Bupivakaini nzito, mililita 2 hadi 3 tu. Ndani ya dakika 5 hadi 10 miguu inapata joto, kisha inakuwa mizito. Napitisha pamba yenye spiriti: begani anasikia baridi, pajani haisikii. Mpasuaji akianza, mgonjwa anakwambia, "Nasikia mnanivuta, ila hainiumi." Hapo ujue imekaa. Unapata saa 2 hadi 3, zinatosha kuweka chuma kwenye muundi. Presha inaweza kushuka kwa sababu mishipa ya damu ya miguuni inalegea, kwa hiyo dripu inakimbia na dawa ya kuipandisha iko mkononi.

SALUM: Na nyundo anaisikia!

REHEMA: Nyundo, drili, maongezi yetu, vyote. Wengine nawawekea muziki masikioni, wengine nawapa dawa kidogo wasinzie.

SALUM: Kichwa je? Watu wanakilalamikia.

REHEMA: Malalamiko hayo ni ya tangu siku ya kwanza. August Bier, daktari wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1898 alimchoma mgongoni kwa kokeini mgonjwa mwenye kifua kikuu cha kifundo cha mguu. Yaani kazi hii ilianza na mguu! Baadaye yeye na msaidizi wake Hildebrandt wakajaribishana wenyewe. Alimpiga Hildebrandt muundi kwa nyundo ya chuma na hakusikia kitu. Wote wawili wakaugua, Bier akaumwa kichwa siku kadhaa. Sababu ni maji ya uti kuvuja kwenye tundu la sindano. Leo tuna sindano nyembamba, ncha kama ya penseli, na tatizo limepungua mno.

SALUM: Kuna ile ya kuachiwa mrija mgongoni.

REHEMA: Epidurali. Unaongeza dawa kadiri kazi inavyorefuka, hata siku zinazofuata. Lakini inalegeza miguu yote miwili, mkojo unagoma, na mgonjwa wa mifupa mara nyingi yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo kuuweka na kuutoa mrija kuna saa zake. Kwa mguu mmoja siikimbilii.

SALUM: Basi twende kwenye mishipa ya fahamu. Nyuma ya goti.

REHEMA: Kwa altrasaundi unauona mshipa, unauzungushia dawa. Ganzi inakaa hata saa 12 hadi 18, na presha haiyumbi sana. Kwa kifundo na unyayo ni nzuri mno. Tatizo ni ule mkanda wa kubana damu: ukifungwa pajani, sindano ya nyuma ya goti haifiki huko, mgonjwa atalia paja. Kwa hiyo mara nyingi nachanganya, mgongo kwa ajili ya upasuaji, mshipa kwa ajili ya usiku.

SALUM: Si ndiyo dawa ya kila mtu hiyo?

REHEMA: Subiri. Muundi uliovunjika vibaya, siku hiyo hiyo, kijana mwenye misuli minene, hapo nasita. Msuli unaweza kuvimba ndani ya utando wake mpaka damu isipite. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi jeraha, ukimnyoosha vidole anapiga kelele. Ukiua maumivu yote kwa saa 16, umezima king'ora huku nyumba inaungua. Kuna wenzangu wanatumia dawa hafifu na kumwangalia kila saa. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku? Mimi hapana.

SALUM: Na wazee? Bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika.

REHEMA: Huyo nampenda kumhudumia mapema. Sindano chini ya kinena, dawa nyingi lakini hafifu, inasambaa chini ya utando hadi kwenye mshipa wa fahamu wa paja. Baada ya nusu saa unaweza kumkalisha umchome mgongo bila kumtesa. Ila tusidanganyane kwamba mgongo siku zote unashinda usingizi kamili. Utafiti wa REGAIN wa mwaka 2021, Marekani na Kanada, wagonjwa 1,600 wa nyonga: siku 60 baadaye, waliofariki au kushindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 kwa mgongo na 18.0 kwa usingizi.

SALUM: Kwa hiyo unaangalia nini?

REHEMA: Moyo, mapafu, dawa za damu anazomeza, na yeye anataka nini. Kwa goti bandia nashuka katikati ya paja badala ya kinenani, ili misuli ya paja ibaki na nguvu asianguke akisimama.

SALUM: La mwisho, kutoka kwa msikilizaji: nikichomwa mgongo tu, nile ugali asubuhi?

REHEMA: Hapana! Ganzi ikikataa tunahamia nusu kaputi papo hapo. Chakula mwisho saa 6 kabla ya upasuaji, cha mafuta saa 8 kabla. Maji matupu mwisho saa 2 kabla. Na chai ya maziwa si maji, jamani.