Ukisema "malizaneni", admini, umeshaamua

Mhadhara kwa wasimamizi wa makundi ya gemu za mtandaoni, Mbeya

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za baridi? Mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, kamwene. Wengi hapa mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Njombe nimelisema, Makambako nimelisema, na sitaacha, kwa sababu malalamiko ninayoletewa ni yaleyale na majibu waliyopewa walalamikaji ni yaleyale.

Jibu lenyewe mnalijua. Binti anamwandikia admini wa kikosi: "Kaka, fulani ananitukana kila tukiingia mechi, na jana kanitumia picha chafu inbox." Admini anajibu: "Dada, hayo ni yenu binafsi, malizaneni. Mimi hapa nasimamia gemu." Chini anaweka emoji ya viganja viwili vimeunganishwa, kama anaomba radhi.

Tukae hapo kwanza. Sitawaeleza gemu hizi za mapigano za kwenye simu, Free Fire ni nini wala PUBG Mobile ni nini, mnazijua kuliko mimi. Nataka tuliangalie jibu hilo, kwa sababu kila kinachoharibika baadaye kinaanzia pale. Huyu kaka anadhani hajaamua kitu. Ameamua. Wiki mbili baadaye ukiingia kwenye kundi lile, anayetukana yupo, anacheka na wenzake, ana cheo. Binti hayupo. Nani kamtoa? Hakuna aliyebonyeza kitufe, lakini ametoka, na mwenye funguo za kundi alikuwa macho.

Turudi mwaka 1993. Hakuna Free Fire wakati huo, hakuna simu ya kupangusa. Kulikuwa na dunia moja ya maandishi matupu inaitwa LambdaMOO, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko California. Unaingia kwa kompyuta, unajipa jina, unatembea ndani ya jumba kubwa lenye vyumba, na kila kitu ni kuandika: umeingia sebuleni, umekaa, umemsalimia fulani. Wasimamizi wake waliitwa wachawi. Msicheke, ndilo jina walilokuwa nalo, na uwezo walikuwa nao kweli. Mchawi akiamua, jina lako linafutika nawe huwezi kurudi tena.

Mwishoni mwa 1992 wachawi wakachoka. Kila siku ni kesi: huyu kanitukana, yule kanisumbua. Pavel Curtis akatoa tangazo kwamba kuanzia sasa wao watakuwa mafundi tu. Mtambo ukiharibika watatengeneza. Ugomvi wa watu, watu watajua wenyewe. Mmeisikia sauti hiyo? Ndiyo ileile ya "mimi hapa nasimamia gemu".

Haikupita hata nusu mwaka. Usiku mmoja wa Machi 1993, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle akaingia sebuleni wakati watu wapo. Alikuwa na programu ndogo iliyomwezesha kuandika matendo kwa jina la mtu mwingine. Yaani wewe umekaa kwenye kompyuta yako, hujagusa kitu, na wote waliomo sebuleni wanasoma kwamba wewe, kwa jina lako, unafanya mambo machafu ya kingono mbele yao. Unapiga kelele kwamba siyo wewe, na maandishi yanaendelea kutiririka. Aliwafanyia hivyo watu zaidi ya mmoja. Siku iliyofuata mmoja wao, mwanamke aliyekuwa Seattle, akaandika akidai mtu yule aondolewe. Baadaye alisema aliandika huku machozi yanamtoka.

Sasa waangalieni mafundi wetu. Watu wakaitana mkutano, wakajadili kwa saa kadhaa. Wengine wanasema ni maneno tu, hakuna aliyeguswa. Wengine wanasema hatuna sheria, tutamhukumu kwa lipi. Mkutano ukaisha bila uamuzi. Baada ya hapo mchawi mmoja, kwa akili yake mwenyewe, bila kumuuliza mtu, akamfuta Mr. Bungle. Wengi walilitaka hilo. Lakini limefanyika namna gani? Na mtu mmoja, peke yake, bila kanuni iliyoandikwa na bila mahali pa kukata rufaa. Hicho ndicho wanachokivuna wanaokataa kuweka utaratibu: hukumu inakuja tu, ila inakuja kwa hasira ya mtu mmoja.

Pavel Curtis aliporudi kutoka safarini akaweka mfumo wa watu kuleta hoja na kupiga kura, wachawi wakabaki kutekeleza. Mfumo ule ukaenda miaka mitatu hivi. Mei 1996 wachawi wakatoa tangazo jingine. Wakasema wazi kwamba kutenganisha ufundi na mambo ya watu hakukuwezekana, na kwamba wanarudi kufanya maamuzi.

Naisimulia habari hii kila ninapokwenda kwa sababu wale walikuwa watu wa akili sana, na walijitahidi kwa dhati kuukwepa wajibu. Walishindwa. Wewe mwenye kundi la watu mia mbili mtaa wa Soweto hapa Mbeya utawezaje?

Najua mnachotaka kuniambia. "Mwalimu, kitufe cha kuzima sauti kipo, azime." Haya, tuingie kwenye mechi. Mko wanne. Binti amemzima yule bwana. Bwana anaona adui nyuma ya ghala, anasema, wawili wanasikia, binti hasikii. Anapigwa. Mechi ikiisha kundi zima linamlaumu yeye: hasikilizi, mzito, anatuangusha. Kwa hiyo ametukanwa, akajikinga, na kujikinga kwenyewe kumemgharimu mechi na jina. Waliotengeneza gemu ya Apex Legends mwaka 2019 waliliona tatizo hilo, wakaweka namna ya kuonyesha adui na silaha kwa kubonyeza alama, ukaweza kucheza vizuri bila kumsikia mtu. Wewe huwezi kuibadilisha gemu. Kundi unaweza.

Mwingine ananiambia ni utani. Mimi nimekulia Iringa, utani naujua. Mtani wangu ananitania msibani, mchana kweupe, mbele ya wazee, naye anajua zamu yake itafika. Nyumbani kwao napajua. Mtu asiye na jina, saa saba usiku, anayemwambia binti wa chuo kwamba anajua hosteli anayolala, huyo ni mtani wa nani? Msiusingizie utani wetu.

Na wa tatu, huyu ndiye ananichosha: "Ni mmoja tu analalamika." Mwaka 2019 Anti-Defamation League, shirika la Marekani la kupinga chuki, liliwauliza watu wazima wa Marekani wanaocheza gemu za wengi mtandaoni. Asilimia 74 walisema wamewahi kusumbuliwa humo. Kwako analalamika mmoja kwa sababu wengine walisoma jibu ulilompa wa kwanza.

Sasa nimtaje kijana mmoja, jina lake naliacha, anauza makava na chaja za simu pale sokoni Mwanjelwa na anaongoza kikosi cha gemu. Alipata malalamiko usiku, mechi ya pili inakaribia. Kwanza hakusema "nitaliangalia". Alimwandikia yule dada: "Nimepokea. Usiku huu hutacheza naye kikosi kimoja. Kesho jioni nitakupa jibu." Ona hapo kuna nini: amepokea, amemkinga, ametaja muda. Halafu akamwomba skrinshoti zenye tarehe, na namba ya utambulisho ya yule mchezaji, siyo jina peke yake. Hili maadmini wengi hawalijui. Jina kwenye gemu linabadilishwa, unalipa kidogo umekuwa mtu mwingine. Namba ya akaunti inabaki. Ukiripoti kwa jina, baada ya siku tatu unamtafuta mtu ambaye hayupo.

Mlalamikiwa alikuwa rafiki yake, wanakula chipsi pamoja. Kijana akaona hapo haki itampinda mkononi, akamkabidhi admini mwenzake kesi aiamue. Yule mwenzake akamsikiliza mtuhumiwa pembeni, faragha, akamwonyesha maneno yake mwenyewe, akamuuliza kama ni yake. Akafungiwa mwezi mmoja, akaambiwa kwa nini, akaambiwa akirudia anatoka moja kwa moja. Jioni ile dada akapewa jibu kama alivyoahidiwa. Kwenye kundi likaandikwa tangazo fupi la mistari miwili kwamba mchezaji kafungiwa kwa kutuma picha chafu. Jina la dada halikutajwa popote. Anacheza mpaka leo.

Linganisheni na tunachopenda kukifanya sisi. Sisi tunapenda suluhu. Tunamwita binti kwenye kundi, watu mia mbili wanasoma, tunamwambia mwenzako ameomba msamaha, sema yameisha. Aseme nini? Akikataa, ana roho mbaya. Akikubali, inbox inaendelea kesho. Nawaomba sana, suluhu ya hadharani kwenye kesi ya udhalilishaji muiache kabisa. Watu wawili waliogombania mgawo wa silaha, wasuluhisheni mpaka kuche. Aliyetumiwa picha chafu hana kitu cha kusuluhishwa.

Na kosa jingine, mnafuta haraka. Tusi limeingia, admini anakimbia kulifuta kwa wote, anaona amesafisha. Umefuta ushahidi. Piga picha ya skrini kwanza, ndipo ufute.

Tusidhani pia kwamba kazi ni kuwasaka wakorofi wachache. Riot Games, kampuni yenye gemu ya League of Legends, walikaa miaka wakilichunguza hili. Kuanzia 2011 hadi 2014 walikuwa hata na baraza ambamo wachezaji wenyewe walisoma kesi na kupiga kura. Walichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya matusi haitoki kwa wakorofi sugu. Inatoka kwa wachezaji wa kawaida, mtu aliyeshindwa mechi, aliyegombana huko alikotoka. Walipoyaweka maongezi kati ya timu pinzani yawe yamezimwa tangu mwanzo, anayetaka ayawashe mwenyewe, maneno mabaya yalipungua karibu theluthi, na watu hawakuacha kuongea. Walipoanza kumpa aliyefungiwa sababu pamoja na maandishi yake mwenyewe, waliojirekebisha wakaongezeka. Maana yake kwetu ni nini? Mtu wa kawaida anasoma mazingira. Akiona la kwanza limepita, la pili atalitupa yeye.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haya yaliyobaki niyapitie upesi.

Sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu yake haipungui faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Siwaambii mkimbilie polisi kwa kila tusi. Nawaambia kuna mstari, na ukivukwa, pale mtu anapotishia kumdhuru mwenzake au kusambaza picha zake, hiyo si kesi ya admini tena. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kazi yako wewe ni kutunza ushahidi na kumsindikiza aende, kama mwenyewe anataka kwenda. Usimwamulie.

Sauti. Tusi la maikrofoni haliachi alama, na ndiyo maana wengi wamehamia huko. Makampuni makubwa yameanza kuweka mitambo ya kusikiliza. Wenye gemu ya Call of Duty walianza mwaka 2023. Sisi hatuna mtambo, tuna kitufe cha kurekodi skrini. Wafundisheni wachezaji wenu kukitumia.

Watoto. Hapa nina mengi na muda sina. Kwenye makundi yenu mna watoto wa darasa la saba wanaotumia simu za mama zao, na mnajua. Mtu mzima anayemwita mtoto inbox kumpa almasi za bure, zile za kununulia vitu ndani ya gemu, mtoe saa hiyohiyo, usisubiri skrinshoti ya pili. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure, ibandikeni kwenye maelezo ya kundi.

Kuhusu mashindano yenye zawadi nilikuwa nimeandaa kitu, nakiacha. Na kuhusu ninyi wenyewe maadmini, kwamba hamlipwi na mnaamshwa usiku, nalijua hilo na nawaheshimu kwa kazi hiyo. Ndiyo maana nasema asikae mmoja peke yake. Wawili, watatu, mpokezane, anayechoka apumzike bila kundi kubaki yatima.

Leo usiku, kabla ya mechi ya kwanza, kila mmoja wenu abandike juu ya kundi lake majina mawili ya watu wa kupokea malalamiko. Moja liwe la mwanamke, na aseme atajibu ndani ya saa ngapi. Msiniambie hamna mwanamke kwenye kundi. Kama kweli hayupo, nendeni mkawaulize walioondoka, namba zao mnazo.

Nipo tayari kwa maswali. Dada kule nyuma, ulinyoosha mkono tangu kwenye habari ya utani, anza wewe.