Tairi la Mbele Hewani: Urefu wa Gari Unasingiziwa

SOMOE: Karibuni tena. Tupo Mtwara mjini, joto lipo, feni inajitahidi, na Fundi Hamisi yupo. Shikamoo fundi.

HAMISI: Marahaba dada Somoe. Feni hiyo igeuze huku kidogo.

SOMOE: Leo unimalizie ubishi wa kijiweni. Ukipanda Newala au ukienda Rondo, unakutana na Land Cruiser na Patrol zilizonyanyuliwa. Gari linakata kona ya mlima, tairi moja la mbele limeachana na ardhi kabisa. Vijana wanapiga mluzi. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa gari refu.

HAMISI: Urefu unachangia, siukatai. Ila peke yake hauna ubavu huo. Una kalamu?

SOMOE: Ninayo. Usinipe hesabu za kidato cha sita tu.

HAMISI: Za dukani hizi. Chukua gari la kilo 2,500. Kona inalisukuma nje kwa nguvu ya asilimia 40 ya uzito wake, na hiyo ni kona kali. Kitovu cha uzito kiko sentimita 80 kutoka chini. Kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita moja na nusu. Zidisha 2,500 kwa 0.4, zidisha kwa 0.8, gawa kwa 1.5.

SOMOE: Mia tano thelathini na kitu.

HAMISI: Hizo ndizo kilo zinazohama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda ya nje. Sasa nyanyua gari mpaka kitovu kipande sentimita 10.

SOMOE: Sifuri nukta tisa... 600. Ah! Kelele zote zile ni za kilo 70?

HAMISI: Sabini haijafika. Na gari likiwa limesimama sawasawa, tairi moja la mbele limebeba kama 650. Hizo 600 zikigawanywa nusu mbele na nusu nyuma, tairi la ndani la mbele linapoteza 300, linabaki na 350. Limekaa chini, limetulia.

SOMOE: Basi mbona linapanda?

HAMISI: Kwa sababu mgawo hauwi nusu kwa nusu. Bodi inapolala kwenye kona, mbele na nyuma zote zinajaribu kuizuia isilale. Upande uliokaza zaidi ndio unaobebeshwa mzigo mkubwa wa kuhama. Ule uliolegea unaacha tu bodi ilale, matairi yake yote mawili yako chini. Kwa hiyo tairi likipanda mbele, ujue mbele kumekaza, nyuma kumelegea. Likipanda nyuma, kinyume chake. Vigari vidogo vinavyovutwa na tairi za mbele, ukivikimbiza, huinua mguu wa nyuma. Hakuna aliyevinyanyua.

SOMOE: Na hizi kubwa, nani alizikaza mbele?

HAMISI: Kiwanda kilianza, sisi tukamalizia. Range Rover ya mwaka 1970, Land Cruiser 80 iliyotoka 1990, Patrol Y60 na Y61, Defender za zamani, zote hizi zina ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kutoka tairi la kushoto mpaka la kulia, na imeshikwa na amu mbili, mikono mirefu ya chuma inayotoka kwenye chesi. Ukilala chini ya gari utaona kila amu imeshika ekseli kwa bushi mbili za raba, moja mbele ya ekseli, moja nyuma yake.

SOMOE: Ubaya uko wapi hapo?

HAMISI: Si ubaya, ni mpango. Tairi la kulia likipanda na la kushoto likishuka, amu moja inataka kuizungusha ekseli huku, nyingine inataka kuizungusha kule. Ekseli ni chuma, haisokoteki. Kinachobaki ni raba za bushi kubanwa mpaka zigome. Kwa hiyo ekseli yenyewe inafanya kazi ya stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia bodi isilale, hata kama stebilaiza umeing'oa ukaitupa. Nyuma ya magari hayohayo viungo vimepangwa vingine, vinacheza kwa uhuru.

SOMOE: Halafu mkamaliziaje ninyi mafundi?

HAMISI: Mteja anafunga bampa ya chuma na winchi, ananunua springi ngumu za mbele zibebe vitu hivyo. Mbele kumekaza tena. Kisha rafiki yake anamwambia, toa stebilaiza ya nyuma, gari litajinyonga vizuri porini, kila tairi lifuate shimo lake. Nyuma kumelegea tena. Umeshatengeneza gari la kupigia picha.

SOMOE: Na mlima je? Maana huku kwenye lami ya kwenda Lindi sijawahi kuona tairi hewani.

HAMISI: Mlima ndio unaomalizia kazi. Ukipanda mteremko wa nyuzi 20, uzito unarudi nyuma. Mbele palipokuwa na kilo 1,300 panabaki kama 950, yaani 475 kila tairi. Sasa tuseme mbele inabeba asilimia 80 ya zile 600 zinazohama.

SOMOE: Mia nne themanini. Limekwisha!

HAMISI: Limeelea. Na huko hukimbii, uko gia ya kwanza, lakini barabara yenyewe imelala, tairi la nje limeingia kwenye korongo la maji ya mvua. Kulala kwa barabara kunafanya kazi ileile ya mwendo kasi.

SOMOE: Wanaoweka spesa wananisikiliza hapa. Wao hawajanunua springi ngumu. Wameweka kipande juu ya springi, basi.

HAMISI: Hao nina ugomvi nao. Spesa inashusha ekseli mbali na bodi, lakini shokapu ni ileile ya zamani. Urefu wake wa kufunguka haujaongezeka. Gari likisimama tu, shokapu imeshafunguka sehemu kubwa ya safari yake. Ukifika kwenye kona, tairi la ndani linataka kushuka lifuate ardhi, shokapu inasema nimeishia hapa. Linaning'inia.

SOMOE: Mtu atajuaje yake imeishia wapi?

HAMISI: Afanyie mahali tambarare. Apime kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, aandike. Apige jeki kwenye chesi, si kwenye ekseli, mpaka tairi liachie chini, aweke stendi, apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi ya tairi kushuka. Nimewahi kupima gari la spesa nikakuta vidole viwili, hivi. Na shokapu ilikuwa na alama inayong'aa pale juu inapogonga mwisho kila siku.

SOMOE: Kwani hasara iko wapi? Likipanda si litashuka.

HAMISI: Likishuka linashuka na uzito wote, beringi na bushi ndizo zinazopokea. Na likiwa juu, kama difu ya mbele, inayogawa nguvu kwa matairi mawili, haina loku ya kuyafunga yazunguke pamoja, nguvu inakimbilia tairi lililo hewani. Linazunguka bure, mwenzake aliye chini amepoa. Kisha unakata usukani, tairi moja tu ndilo linalosikia.

SOMOE: Tiba?

HAMISI: Kwa mtu wa lami na vumbi, arudishe stebilaiza ya nyuma, na shokapu ziendane na urefu wa springi. Mtu wa porini kabisa alegeze mbele. Jeep Wrangler Rubicon tangu 2007 ina swichi ya kuachia stebilaiza ya mbele, unaibonyeza ukiingia kwenye mawe. Land Cruiser 200, iliyotoka mwaka huohuo, zipo zenye mfumo wa haidroliki unaounganisha stebilaiza za mbele na za nyuma. Kwenye lami zinakaza, porini zinaachia zenyewe.

SOMOE: Bei yake hiyo fundi, tuiache.

HAMISI: Tuiache. Ila cha bure kipo: shusha mzigo kwenye keria. Msimu wa korosho unaona gunia tatu juu ya paa la gari lililonyanyuliwa. Uzito ule uko karibu mita mbili kutoka chini. Ziingize ndani, siti za nyuma zikunjwe.

SOMOE: Na abiria?

HAMISI: Abiria apande bodaboda.