Jinsi ya kuchora mstari wa katikati ya barabara

Karibu. Leo tunachora mstari wa katikati kwenye barabara ya lami ya njia mbili, kwa rangi ya themoplastiki, ile inayoyeyushwa kwa moto.

Anza na mwongozo wa alama wa nchi unayofanyia kazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, wa kimataifa kuhusu alama za barabarani, uliweka msingi: mstari usiokatika hauvukwi, wa vipande unavukwa palipo salama, na mistari hiyo miwili ikienda sambamba, dereva hufuata ulio upande wake. Vipimo na rangi, hata hivyo, hutofautiana. Marekani hutumia njano kutenganisha magari yanayokutana, kwa vipande vya mita 3 na nafasi ya mita 9 hivi. Nchi nyingi za Ulaya hutumia nyeupe. Usibuni vipimo vyako. Dereva aliye kwenye mwendo hana muda wa kujifunza mtindo wa kila fundi.

Sasa tafuta katikati. Pima upana wa lami, tia alama ya chaki, songa mbele, pima tena, kisha vuta kamba. Ukifika kwenye kona kali au kilele cha mlima, chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa macho ya dereva aliyeketi. Haoni mbele? Hapo vipande haviruhusiwi. Na mstari mzima uanze kabla ya kona. Ukianzia ndani yake, anayetaka kuovateki atakuwa ameshatoka upande wake.

Fagia vumbi na mchanga. Lami ikiwa na unyevu, subiri.

Yeyusha rangi kwa joto lililoandikwa kwenye mfuko, mara nyingi nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Ikizidi inaungua, na nyeupe inafifia.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: rangi ikishuka tu, mwaga vishanga vya kioo, papo hapo. Ndivyo vinavyopokea mwanga wa taa za gari na kuurudisha ulikotoka. Vizame zaidi kidogo ya nusu. Vikizama vyote, mwanga hauingii. Vikikaa juujuu, magurudumu yatavibandua.

Rangi ikishapoa, ondoa koni zilizozuia magari. Rudi usiku na tochi kukagua, ukiishika karibu na jicho. Ukiishika kiunoni, sehemu ya mwanga unaorudi itakupita, nawe utaulaumu mstari bure.