Fulana ya laki moja na sitini na nane

YOHANA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Dada Mwaja, joto lote hili umejitanda mtandio wa nini?

MWAJA: Usinichokoze. Ndani nina fulana ya Mei Mosi.

YOHANA: Wasikilizaji, hamuoni tu. Kitovu kiko nje.

MWAJA: Wamenipa saizi ya mtoto wa darasa la nne! Juzi nimeifua, rangi yote ikahamia kwenye shuka jeupe la mama mkwe. Kwa hasira nikachomoa salari slipu. Makato ya chama, sitakitaja: asilimia 2, elfu kumi na nne kila mwezi.

YOHANA: Mara kumi na mbili... laki moja na sitini na nane. Mnadani Msalato unaondoka na mbuzi na kamba yake.

MWAJA: Kuna kofia pia.

YOHANA: Samahani, na kofia. Haya, leo tuna mafunzo matatu kuhusu shirikisho la wafanyakazi na siasa. La kwanza, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Imeundwa 1955, Kawawa katibu mkuu, ikabebana na TANU mpaka uhuru. Januari 1962 Kawawa ni Waziri Mkuu. Mwaka huohuo, sheria ya kubana migomo!

MWAJA: Mwenye migomo yake.

YOHANA: Ngoja sasa. Januari 1964 jeshi likaasi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa ndani, TFL ikafutwa, ikaja NUTA, chama kimoja tu cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake Michael Kamaliza, na ndiye huyohuyo Waziri wa Kazi. Sasa ukiidai serikali, anayekusemea nani? Fulana zilianzia pale.

MWAJA: Usiisingizie NUTA fulana yangu. Nchi ina miaka miwili na ushee, askari wametoka kambini. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

YOHANA: Ningewaacha wafanyakazi na chama chao. Tazama Zambia. Chiluba alitoka kwenye shirikisho lao, ZCTU, mwaka 1991 akambwaga Rais Kaunda kwa kura.

MWAJA: Akaingia Ikulu, akabinafsisha mashirika, watu wakarudi kwao bila kazi. Hao nao walikuwa wanachama.

YOHANA: Lakini Kaunda aliondoka! Shirikisho lisilotishwa na serikali wala kuitisha, hilo ni kamati ya sherehe.

MWAJA: Na likihamia Ikulu lenyewe, nani anabaki getini na wafanyakazi?

YOHANA: Hujanijibu kuhusu Kamaliza.

MWAJA: Wewe hujanijibu kuhusu Chiluba.

YOHANA: Ya Chiluba ni ya Chiluba.

MWAJA: Basi na ya Kamaliza ni ya Kamaliza.

(kimya)

YOHANA: ...Kofia nayo inabana?

MWAJA: Kofia inapwaya. Inafunika macho.

YOHANA: Wangekupa kichwa cha fulana na mwili wa kofia.

MWAJA: Yohana, LUKU inalia.

YOHANA: Na funzo la pili? La tatu nililiandika usiku kucha.

MWAJA: Zimebaki uniti mbili, kaka. Chagua, mafunzo au friji.

YOHANA: Friji. Wasikilizaji, wiki ijayo...

MWAJA: Shii. Huyo mama mkwe anagonga.

YOHANA: Anasemaje?

MWAJA: Anauliza shuka lake limepataje maandishi ya mshikamano.